Maswali Yenu: Tufanye Nini Ili Watoto Wapende Kusoma na Kuandika?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka mitaa mbalimbali ya Nairobi zinazungumzia watoto ambao wamejua kusoma na kuandika, lakini hawapendi kufanya lolote kati ya hayo mawili mpaka walazimishwe. Tumechagua barua nne na kuzifupisha kidogo ili majibu yapate nafasi.

Swali: Kwako Mwalimu, pokea salamu zangu. Binti yangu yuko Gredi ya 5. Alipokuwa Gredi ya 2 alisoma kila alichokiona, hata maandishi ya pakiti ya unga na majina yaliyochorwa kwenye matatu. Siku hizi nikimpa kitabu anakunja uso. Kila jioni, akimaliza kazi ya ziada, mimi humpa kifungu cha ufahamu kutoka katika kitabu cha marudio, akakisoma na kuyajibu maswali, nami nikasahihisha kabla hajalala. Nimetumia pesa nyingi kununua vitabu hivyo. Ninakosea wapi?
*Mama, Umoja*

Jibu: Mama, mtoto ambaye mzazi wake huketi naye kila jioni ana bahati, na sitaki bidii hiyo ipungue. Ninachokuomba ni kutazama upya kile anachopewa kusoma. Kifungu cha ufahamu ni maandishi ya nusu ukurasa yaliyotungwa ili msomaji aulizwe maswali. Mara nyingi hadithi hukatika pale tu inapoanza kunoga, na mtoto anajua tangu mstari wa kwanza kwamba anapimwa. Akikutana na maandishi kwa njia hiyo pekee, mchana shuleni na usiku nyumbani, ataamini kwamba kusoma ni mtihani mwingine. Sidhani binti yako ameacha kupenda hadithi. Amechoka kukaguliwa, na hajapewa nafasi ya kusoma bila kukaguliwa.

Kwa hiyo nakushauri uviweke kando vitabu vya marudio nyakati za jioni kwa muhula mmoja mzima. Mazoezi atayapata shuleni. Dakika 20 za mwisho kabla ya kulala ziwe za hadithi, na katika dakika hizo usimwulize mhusika mkuu ni nani, wala hadithi inatufunza nini. Akitaka kukusimulia alichosoma, msikilize kama unavyomsikiliza jirani aliyekuletea habari. Akinyamaza, mwache anyamaze. Najua ni vigumu kwa mzazi aliyezoea kuona alama ya vema kila usiku, kwa maana utahisi kwamba hakuna kazi inayofanyika, lakini kazi itakuwa ikifanyika.

Wapo waliolijaribu jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya utafiti katika shule za msingi za mashambani nchini Fiji, ambako watoto hufundishwa kwa Kiingereza ingawa nyumbani huzungumza lugha nyingine. Walichagua madarasa ya watoto wenye umri wa miaka 9 hadi 11, wakalipa kila darasa vitabu 250 vya hadithi, vyenye picha na visa vya kuvutia, pamoja na muda wa kuvisoma kila siku. Madarasa mengine yaliendelea na masomo ya lugha kama kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1983 yalionyesha kwamba watoto waliopata hadithi walisonga mbele katika usomaji kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya ile ya kawaida, na katika mwaka wa pili faida hiyo ikaenea hadi kwenye uandishi na sarufi, ingawa hakuna aliyewaongezea vipindi vya sarufi. Hali ya watoto wa Nairobi, ambao husomea Kiingereza na Kiswahili sanifu huku wakizungumza Sheng, lugha ya mitaani ya vijana, uani na pengine lugha ya nyanya zao wakati wa likizo, haiko mbali na hiyo.

Kitabu akichague mwenyewe. Akichukua kinachoonekana chepesi kwa Gredi yake, au cha katuni, au cha wachezaji wa kandanda, usimrudishe kwenye rafu. Mfundishe kigezo kinachotumiwa na walimu wengi: afungue ukurasa wowote wa katikati, na kila akikutana na neno asilolielewa akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho kingali kigumu kwake, na anaweza kukirudia mwakani bila aibu yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalitambui. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili huandikwa jinsi yanavyotamkwa, mtoto aliyejua silabi zake anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukosea, na bado asielewe nusu ya alichosoma. Ikiwa binti yako anasoma kwa kusitasita, neno moja baada ya jingine, atakuwa amesahau mwanzo wa sentensi anapofika mwisho wake, na hakuna anayeweza kufurahia hadithi kwa namna hiyo. Dawa yake ni kusomewa. Wazazi wengi huacha kuwasomea watoto mara tu wanapojua kusoma, nami naona huo ndio wakati mbaya kabisa wa kuacha, kwa sababu mtoto wa miaka 10 anaweza kuelewa hadithi ndefu na nzito kuliko zile anazoweza kuzisoma peke yake. Msomee sura moja, kisha akusomee ukurasa mmoja. Usiku ambao hakuna kitabu, msimulie hadithi. Watoto wetu bado huchangamka wakisikia “Paukwa!” nao wakajibu “Pakawa!”, na mtoto aliyezoea kungoja mwisho wa hadithi kwa masikio atautafuta kwa macho pia.

Kuhusu vitabu vyenyewe, usinunue vyote. Kutoka Umoja hamko mbali na maktaba ya Buruburu ya Huduma ya Maktaba za Taifa. Kaunti nayo ina maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan na zimekarabatiwa kwa ushirikiano na shirika la Book Bunk. McMillan yenyewe, iliyoko Barabara ya Banda, ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Waafrika hawakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Naona uchungu ninapokumbuka hilo, kisha nikasikia kwamba kuna watoto wa Eastlands ambao hawajawahi kukanyaga maktaba hata mara moja. Mpeleke Jumamosi, umwache atembee kati ya rafu muda anaotaka, na msiondoke kwa haraka.

Ikiwa Jumamosi una kazi, kuna maktaba ya simu. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka wa 2014, una hadithi za watoto zenye picha ambazo unaweza kuzipakua bila malipo na kuzisoma baadaye hata bila intaneti. Zimo za Kiswahili, na zimo za Gikuyu, Dholuo, Kikamba na lugha nyingine nyingi za Kenya, kwa hiyo hata nyanya anaweza kushiriki.

Swali: Mwalimu mwenzangu, ninafundisha Kiswahili Gredi ya 6 katika shule moja ya Mukuru kwa Njenga. Darasa langu lina wanafunzi 72 na vitabu vya hadithi havizidi 20. Kinachonihuzunisha zaidi ni insha. Nikitoa mada yoyote, iwe ni mazishi au harusi, nusu ya darasa huanza kwa “Nilirauka alfajiri na mapema, majogoo yakiwika”, na kumalizia kwa wahenga ambao hawakukosea waliponena. Wameyakariri maneno hayo tangu madarasa ya chini. Nitawatoaje huko?
*Mwalimu, Mukuru*

Jibu: Mwalimu mwenzangu, watoto hawa hawakujibunia tabia hiyo. Mtihani wa KCPE, yaani ule wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa tangu mwaka wa 1985 hadi 2023, ulikuwa na karatasi ya insha iliyosahihishwa kwa alama 40, na walimu wengi waliona kwamba njia ya haraka ya kumpatia mtoto alama hizo ni kumkaririsha misemo ya kupamba. Mtihani umeondoka, lakini daftari za misemo zimebaki, na zinarithiwa na ndugu wadogo. Matokeo yake ni kwamba mtoto anaanza kuandika akiamini kuwa maisha yake mwenyewe hayafai kuandikwa, na kwamba insha njema ni ile inayofanana na ya mwenzake. Hili linaniudhi kuliko kosa lolote la tahajia.

Usianze kwa kuipiga marufuku misemo hiyo, maana watabaki mikono mitupu. Anza kwa mada ambazo misemo ya kukariri haiwezi kuzifikia. Waambie waandike namna maji yanavyopatikana kwenye ploti yao, hatua kwa hatua. Au wamweleze mtu asiyewahi kufika Nairobi jinsi ya kupata nafasi kwenye matatu saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha. Au waandike kuhusu mtu mmoja wa nyumbani na kazi ya mikono yake, iwe ni kushona, kusonga chapati au kuchomelea vyuma. Wape mistari mitano tu mwanzoni. Kisha andika ubaoni sentensi mbili na uwaombe wazilinganishe: “Nilirauka alfajiri na mapema, majogoo yakiwika” na “Niliamshwa na mlio wa mitungi, kwa sababu mama alikuwa anatoka kwenda kupanga foleni ya maji.” Waulize ni sentensi ipi inayowafanya waione nyumba. Hakuna mtoto wa Mukuru atakayekosa jibu, na baada ya hapo utakuwa na kipimo ambacho darasa zima linakielewa.

Simaanishi kwamba methali ni adui. Methali ni mali yetu, na mtoto anayejua kuitumia ana utajiri. Ila iwekwe mdomoni mwa mtu ambaye angeisema kweli, kwa mfano babu anayemwonya mjukuu wake, wala isibandikwe mwishoni kama muhuri.

Jambo la pili, ambalo nadhani ndilo kubwa, ni kwamba watoto hao wanaandika kwa ajili ya msomaji mmoja tu, nawe umeshika kalamu nyekundu. Mwaka wa 1924, Célestin Freinet, mwalimu wa shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, alileta darasani mtambo mdogo wa kuchapia. Watoto waliandika kuhusu mambo ya kijijini mwao, darasa likachagua maandishi ya kuchapwa, wao wenyewe wakazipanga herufi za chuma moja moja, kisha kurasa zikatumwa kwa watoto wa shule nyingine waliojibu kwa kurasa zao. Mtoto anayepanga neno herufi kwa herufi, akijua kwamba mwenzake wa mbali atalisoma, hahitaji kukumbushwa umuhimu wa tahajia.

Huhitaji mtambo. Chukua karatasi ya manila uifanye gazeti la ukutani, ubandike kazi 8 kila wiki zilizonakiliwa kwa hati safi. Kwa wanafunzi 72, wiki 9 zinatosha kila mmoja kuchapishwa mara moja kabla muhula haujaisha, na ni lazima awe kila mmoja, kwa sababu gazeti la wale wanaoongoza darasani pekee litawafundisha wengine kwamba kuandika si kazi yao. Libandike nje ya darasa, mahali ambapo Gredi ya 4 na ya 5 hupita. Mkishazoea, tafuta mwalimu wa shule nyingine, Kibera au hata Mombasa, mbadilishane barua za wanafunzi.

Njia hiyo itakusaidia pia kwa uhaba wa vitabu. Sylvia Ashton-Warner, aliyewafundisha watoto wa Kimaori nchini New Zealand miaka mingi iliyopita, alikuwa akimwuliza kila mtoto neno analolitaka siku hiyo, akaliandika kwenye kadi, na mtoto akajifunza kusoma kwa maneno yake mwenyewe: majina ya watu wake na ya vitu anavyoviogopa au kuvipenda. Wanafunzi wako wa Gredi ya 6 wanaweza kuwaandikia wadogo wa Gredi ya 1 vitabu vya kurasa 8 vyenye picha, karatasi zikakunjwa na kushonwa kwa uzi. Kila mmoja akitengeneza kimoja kwa muhula, shule itapata vitabu 72 ambavyo watoto wadogo watavigombania kwa sababu wanawajua waandishi wake.

Kuhusu kusahihisha, usijitese. Hakuna mtu awezaye kusahihisha daftari 72 kila wiki kwa makini na bado akabaki na nguvu za kufundisha. Soma daftari 15 kwa wiki, na katika kila moja uandike kwanza sentensi moja kuhusu kile mtoto alichosema, kwa mfano “Nimecheka niliposoma habari za kuku wa jirani, alipatikana wapi?”, kisha uonyeshe kosa la aina moja tu. Kurasa zilizojaa wino mwekundu hazisomwi na yeyote. Kazi nyingine wasomeane wawili wawili.

Swali: Mwalimu, nimepata daftari la kijana wangu wa Gredi ya 7 limejaa mistari ya muziki wa kufoka, yote kwa Sheng. Alama zake za Kiswahili ni duni, na zamani shuleni kwao anayepatikana akizungumza Sheng alikuwa akivishwa kibao shingoni. Nataka kulitupa daftari hilo ili aelekeze akili kwenye lugha sanifu. Unaonaje?
*Baba, Kayole*

Jibu: Baba, tafadhali usilitupe. Mwandishi wa barua ya kwanza na yule wa pili wanatafuta kitu ambacho tayari unacho nyumbani, yaani mtoto anayeshika kalamu bila kutumwa. Lirudishe mahali ulipolipata, na ikiwa ulilisoma bila idhini yake, mwambie hivyo kwa upole na umwahidi kwamba wakati ujao utaomba.

Kijana anayetunga mistari inayopatana kwa mdundo anahesabu silabi na kutafuta vina, na hiyo ni kazi ileile ya mtunzi wa shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za mizani na vina. Kinachomkosesha alama ni kutojua lugha ipi inafaa wapi, na hilo hufundishwa kwa mazoezi. Kibao cha shingoni humfundisha mtoto kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza haandiki vizuri katika lugha yoyote. Mwombe achague wimbo mmoja anaoupenda, autunge upya kwa Kiswahili sanifu huku akijitahidi mdundo usipotee. Atakuja kuuliza maneno, nanyi mtafungua kamusi pamoja kwa sababu anahitaji neno lenye silabi nne linaloishia kwa “-ani”. Katika insha, msimulizi azungumze kwa Kiswahili sanifu, na utingo wa matatu akipewa maneno machache ya Sheng ndani ya alama za mtajo, hapo mtoto amejifunza kutofautisha sauti mbili, jambo ambalo hata watu wazima wengi hawaliwezi.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Gredi ya 8, Kawangware. Ninaandika mashairi lakini hakuna anayeyasoma. Wazazi wangu wanasema ninapoteza muda wa masomo. Je, ninaweza kuyapeleka wapi, nikiwa sina pesa?
*Mwanafunzi, Kawangware*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Anza karibu. Mwulize mwalimu wako wa Kiswahili kama shule hushiriki Tamasha la Muziki la Kenya au lile la Drama, kwa kuwa yote mawili yana vitengo vya kukariri mashairi, na walimu wengi hutafuta shairi jipya wasipate. Gazeti la Taifa Leo nalo huchapisha mashairi ya wasomaji. Lisome kwanza kwa wiki kadhaa uone yanayopewa nafasi.

Kabla ya kutuma shairi popote, lisome kwa sauti. Ikiwa umetunga tarbia, hakikisha kila ubeti una mishororo minne, na ikiwa umechagua mizani 16, yaani silabi 16 kwa kila mshororo, basi uwe na 8 upande wa ukwapi, ndio nusu ya kwanza, na 8 upande wa utao, ndio nusu ya pili, na vina vya kati na vya mwisho visibadilike ndani ya ubeti bila sababu. Mahali ulimi wako unapokwama, hata msomaji atakwama. Soma pia mashairi ya wengine kwa wingi, hasa yasiyofanana na yako.

Kwa wazazi wako, usibishane nao. Chagua shairi moja fupi linalowahusu, labda kuhusu safari ya mama kwenda kazini alfajiri, uwasomee baada ya chakula. Nao wazazi wanaosoma ukurasa huu naomba wafikirie kwamba mtoto anayetafuta neno halisi la kusema anachokiona anajiandaa kwa somo lolote litakalomtaka aeleze jambo kwa usahihi, na masomo mengi ni ya namna hiyo.

Hata sisi tunayapokea mashairi ya wanafunzi. Liandike kwa hati inayosomeka upande mmoja wa karatasi, utaje Gredi yako na mtaa wako, na umwombe mzazi au mlezi atie sahihi chini yake kuonyesha kwamba amekubali lichapishwe.